Mwea: Mpunga unapofundishwa kuvumilia kiu

Matatu za kwenda Embu hupunguza mwendo zifikapo Wang'uru. Hata dereva mwenye haraka husimama kidogo, kwa maana hawakosi abiria wawili watatu wanaotaka kubeba mchele wa nyumbani. Kando ya barabara magunia yamefunguliwa midomo, mizani iko tayari, na wachuuzi wanakimbilia madirisha na mifuko ya kilo mbili na kilo tano. Mnunuzi mzoefu haanzi kwa kuuliza bei. Huchota punje chache kiganjani, huzisugua, huzipulizia pumzi ya moto, kisha hunusa. Pishori ya kweli hujitaja yenyewe.

Wenyeji wengi bado huuita mji huu Ngurubani. Uko katika Kaunti ya Kirinyaga, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Nairobi, na ndio kitovu cha Mwea, uwanda unaotoa sehemu kubwa ya mchele unaolimwa Kenya. Nyuma ya maduka, hatua chache tu kutoka kwenye lami, dunia hubadilika. Ardhi inakuwa bapa kama meza. Majaruba yamepangana, moja likipakana na jingine kwa tuta jembamba la tope, na asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana ukijitazama ndani ya maji. Yangeyange weupe hutembea nyuma ya ng'ombe wanaovuruga tope, wakiokota wadudu.

Watoto wa hapa wana mchezo ambao wenzao wa mjini hawaujui. Jaruba likishakaa na maji wiki kadhaa, mtoto huchukua kijiti na kukichoma kwenye tope. Viputo hupanda, vikapasuka juu ya maji kwa sauti ndogo. Anayepata viputo vingi ndiye mshindi.

"Shosho, shamba linacheua!" mtoto atamwita nyanya yake.

Mtoto huyo hajakosea. Kinachotoka pale ni methani, gesi ileile anayoicheua ng'ombe baada ya kula nyasi, na chanzo chake kinafanana. Maji yakifunika udongo muda mrefu, hewa ya oksijeni huisha chini. Vijidudu visivyohitaji oksijeni hupata nafasi ya kula mabaki ya mizizi, majani na samadi, na vinapokula hutoa methani. Viputo anavyoviona mtoto ni sehemu ndogo tu. Gesi iliyo nyingi hupita kimyakimya ndani ya mashina ya mpunga wenyewe, ambayo yana njia za hewa kama mirija ya soda, ikatokea juu bila mtu kuona kitu.

Methani haidumu hewani kama hewa ya ukaa. Baada ya miaka kumi hivi sehemu kubwa huwa imevunjika. Lakini kwa muda inaokuwapo ni kali sana: tani moja ya methani hunasa joto zaidi ya mara 80 ya tani moja ya hewa ya ukaa, ukihesabu kwa miaka 20. Katika methani inayotokana na shughuli za binadamu duniani kote, mashamba ya mpunga huchangia karibu asilimia 8. Mifugo huchangia mara nne ya hapo. Na ukijumlisha chakula chote, tangu kufyeka msitu, kulima, kusafirisha, kupika hadi kutupa, jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi lilikadiria mwaka 2019 kuwa mfumo mzima wa chakula hutoa kati ya asilimia 21 na 37 ya gesi zote zinazoongeza joto duniani.

Habari za namna hii huwafikia wazazi zikiwa na sauti ya lawama: usile hiki, acha kile. Mwea ni mahali pazuri pa kuzisikia kwa namna nyingine, kwa sababu dawa inayopendekezwa hapa haimwambii mtu aache wali. Inamwambia mkulima ayaache maji yashuke, asiyarudishe kwa siku chache, kisha ayarudishe. Kwa mtu wa mbali hilo ni jambo dogo. Kwa familia ya Mwea ni kama kuambiwa ulale mlango ukiwa wazi.

Ili kuelewa hofu hiyo inafaa kujua maji haya yalikujaje. Mifereji ya kwanza ilichimbwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, na waliochimba hawakuwa vibarua wa kujitakia. Walikuwa wafungwa wa vita vya Mau Mau, wakitumikishwa na serikali ya mkoloni. Maji yalitolewa mito ya Thiba na Nyamindi, inayoteremka kutoka Mlima Kenya, yakasambazwa katika uwanda uliokuwa mkavu. Baadaye familia ziligawiwa ekari nne nne, si kama wenye ardhi bali kama wapangaji, zikawekewa masharti: nini kilimwe, lini kipandwe, nani anunue mavuno.

Masharti hayo yalidumu muda mrefu baada ya uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima waligoma, wakakataa kupeleka mpunga wao kwa mamlaka iliyowasimamia, na wakauza kupitia ushirika wao. Wazee waliokuwapo bado wanaisimulia miaka ile kwa fahari, na pia kwa uchungu, kwani ilifuatwa na misimu ya mifereji iliyojaa magugu na maji yasiyofika.

Basi mtu aliyekulia hapa amejifunza jambo moja tangu utotoni: maji yakiwa shambani ni yako, yakiwa mferejini ni ya anayeyawahi. Jaruba lililojaa pomoni ndilo akiba. Maji yakifunika tope, magugu hayaoti kwa urahisi na usingizi unakuja. Haishangazi kwamba mtaalamu akija na habari za kukausha, wengi humsikiliza kwa heshima, wakamshukuru, wakaenda kujaza majaruba yao.

Njia yenyewe ilianzia Madagascar. Huko, miaka ya 1980, padri Mfaransa aliyeitwa Henri de Laulanié aliishi na wakulima wadogo na kuona kwamba mpunga huvumilia maji kuliko kuyapenda. Ukipandwa ukiwa mchanga, ukiachiwa nafasi, na udongo ukipata hewa, mizizi hushuka chini na shina moja huzaa machipukizi mengi. Mbinu hiyo ilisambaa Asia, kisha mwaka 2009 ikaletwa Mwea kwa juhudi za Profesa Bancy Mati, mhandisi wa udongo na maji wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Wakulima wachache walikubali kutenga vipande vya mashamba yao kujaribu.

Ukitembea kando ya mfereji leo unaweza kuyatambua mashamba ya aina hiyo bila kuambiwa. Kwingine miche hupandikizwa ikiwa na umri wa wiki tatu, nne, mitatu minne kwa pamoja, bila mistari. Katika mashamba haya miche huhamishwa ikiwa na siku 8 hadi 15, mmoja mmoja, kwa mistari iliyonyooka, umbali wa sentimita 20 hadi 25. Siku za kwanza shamba huonekana kama limepandwa na mtu bahili. Jirani anayepita juu ya tuta huuliza kama mbegu zilikwisha.

Katikati ya mistari, katika baadhi ya majaruba, kuna kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa matundu na kuzamishwa ardhini. Hicho ndicho kipimo. Mkulima huchungulia ndani: maji yakiwa yameshuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ni wakati wa kumwagilia tena. Kabla ya hapo mizizi bado inayafikia. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Ufilipino, inasema kwamba kumwagilia kwa mtindo huu wa kupokezana hupunguza matumizi ya maji kwa hadi asilimia 30. Methani hupungua kwa takriban nusu shamba likikaushwa mara kadhaa katika msimu, na mavuno hayaanguki, ilimradi kipimo kifuatwe. Mpunga ukitoa maua maji hayaguswi, kwani hapo kiu ya siku chache tu huacha mashuke matupu.

Ila Mwea ina udongo wake. Sehemu kubwa ya uwanda ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu mpaka mtu anatembea kama amevaa matofali. Ukiwa na maji haupitishi kitu. Ukikauka hujikunja na kupasuka, na nyufa zake humeza mkono hadi kiwiko. Ukichelewa siku mbili tu, maji utakayorudisha hupotelea kwenye nyufa badala ya kubaki kwenye mizizi. Kijitabu cha mafunzo kilichoandikwa kwa udongo wa nchi nyingine hakitamwambia mkulima hilo.

Upande wa Tebere, katika boma moja la mama mwenye watoto watatu, mzozo wa msimu huu ulikuwa juu ya kipande cha robo ekari. Mama huyo alihudhuria mafunzo, akarudi na bomba lake. Mama mkwe wake, aliyepandikiza mpunga katika shamba hilohilo tangu alipoolewa, alikubali jaribio kwa sharti kwamba liwe pembeni, mahali ambapo wapita njia hawataona. Siku ya nne bila maji udongo ulianza kuchora mistari. Mzee alitoka asubuhi na fimbo yake, akasimama juu ya tuta.

"Mama Shiku, huu mpunga unakufa."

"Haufi, mama. Njoo uchungulie kwenye bomba, maji yako hapo chini."

"Mimi sichungulii maji kwenye shimo kama panya. Maji nayatazama nikiwa nimesimama."

Alipoulizwa ni nini hasa anachoogopa, mzee hakuzungumzia mpunga. Alizungumzia lango. Maji hugawiwa kwa zamu, mfereji kwa mfereji, kijiji kwa kijiji, chini ya chama cha watumiaji maji. Zamu ikifika, maji huja. Lakini yapo ya kweli na yapo ya karatasini. Walio karibu na mdomo wa mfereji hupata mapema. Walio mkiani husubiri, na msimu wa kiangazi wamewahi kusubiri mpaka usiku wa manane, wanaume wakilala kando ya malango na tochi ili jirani asiyafungue kwa siri. Mtu wa namna hiyo akiambiwa ayaache maji yake yashuke kwa hiari, atauliza swali moja tu: yakishuka, nani atanirudishia?

Hapo ndipo mjadala wote wa gesi na tabianchi unaposimama, na si rahisi kumlaumu mzee huyu. Kukausha shamba ni deni. Unakopesha maji leo ukiamini utalipwa kwa tarehe. Palipo na imani hiyo, mbinu inashika. Pasipo na imani, bomba la matundu ni takataka iliyochomekwa kwenye tope.

Mambo yamebadilika kiasi tangu Oktoba 2022, Bwawa la Thiba lilipozinduliwa huko juu. Lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo zaidi ya milioni 15, na lilijengwa ili maji ya msimu wa mvua yasipotee bure. Wakulima wengi sasa hupanga misimu miwili kwa mwaka kwa uhakika uliokuwa ndoto. Bwawa hilo linaweza kuwa rafiki wa kukausha, kwa sababu zamu ikiheshimiwa hofu hupungua. Linaweza pia kuwa kinyume chake. Misimu miwili ya majaruba yaliyojaa pomoni, palipokuwa na mmoja, maana yake ni miezi mingi zaidi ya udongo kucheua. Bwawa halichagui. Wanaochagua ni wanaopanga zamu.

Kwa mzazi, maji yaliyosimama yana hesabu nyingine iliyo karibu zaidi kuliko ya methani. Jua likizama, Mwea huanza kuimba. Mbu wa majaruba ni wa jamii ya anofelesi, wanaoeneza malaria, na tangu zamani watafiti wamekuwa wakija hapa kuwahesabu. Utafiti mmoja uliofanyiwa Mwea na kuchapishwa mwaka 2000 ulipata jambo la kufikirisha: katika majaruba yaliyokuwa yakikaushwa kwa kupokezana, mbu hawakuacha kutaga. Walitaga, tena kwa wingi. Lakini viluwiluwi wachache sana waliishi hadi kukomaa, kwani maji yaliwaondokea kabla hawajaota mabawa. Kwa hiyo kukausha husaidia, ila hakumfanyi mtu atupe chandarua. Jaruba la jirani lililojaa maji liko hatua ishirini tu kutoka dirishani.

Kuna bahati nyingine ambayo wenyeji huichukulia kawaida. Mbu waliotapakaa Mwea hupenda ng'ombe kuliko watu, na vijiji vingi vina ng'ombe waliofungwa karibu na nyumba. Ng'ombe huyo anayelaumiwa kwa kucheua methani ndiye anayetoa damu yake usiku kucha kwa niaba ya watoto.

Mifereji ni hadithi tofauti, na hapa mzazi anayepeleka watoto kutembelea jamaa Mwea wakati wa likizo anapaswa kuwa macho. Saa nane mchana, jua likichoma, hakuna kinachomvuta mtoto kama mfereji wenye maji yanayotembea. Ndani yake huishi konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Mtu aliyeambukizwa akijisaidia karibu na maji, mayai huingia, huanguliwa, hupita kwa konokono, kisha vimelea hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuka tu. Hakuna jeraha linalohitajika. Dalili huweza kuchelewa: tumbo kuuma, kuhara, damu kwenye choo, mtoto kudumaa na kuchoka darasani. Dawa ipo na inafanya kazi, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto watibiwe kuanzia umri wa miaka miwili. Mtoto aliyeoga mferejini na baadaye akalalamikia tumbo apelekwe zahanati, na mzazi ataje mfereji huo bila kuulizwa.

Konokono huyo wa kichocho asichanganywe na mgeni mwingine aliyeonekana Mwea mwaka 2020. Huyu ni mkubwa, asili yake Amerika Kusini, na hutaga mayai ya rangi ya waridi kali yanayoning'inia kwenye mashina ya mpunga na kuta za mifereji kama vishada vya peremende. Watoto huyapenda kwa macho; wasiyaguse. Konokono huyu hula miche michanga usiku mmoja hadi jaruba likabaki na mabaka matupu. Ajabu yake ni kwamba anahitaji maji ya kutosha ili aweze kutembea na kula. Maji yakiwa haba, hujifungia na kungoja. Wakulima kadhaa ambao hawakujali habari za tabianchi walianza kushusha maji kwa sababu ya konokono tu.

Kuna upande wa mbinu hii ambao hauzungumzwi vya kutosha katika mikutano, nao ni mgongo wa mwanamke. Maji yakishuka, magugu huinuka. Anayeyang'oa ni nani? Katika majaruba ya Mwea, kupandikiza na kupalilia ni kazi inayofanywa zaidi na wanawake, wengi wao vibarua wa kutwa, wameinama tangu asubuhi, miguu ndani ya tope. Kuna mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono, yenye gurudumu la meno, ambayo hupita katikati ya mistari ikizika magugu na kuingiza hewa kwenye udongo. Inarahisisha kazi sana. Lakini hupita tu palipopandwa kwa mistari, na inapopatikana mara nyingi huwa mikononi mwa vijana wa kiume wanaotoza kwa ekari. Mbinu inayookoa hewa ya dunia nzima kwa kumwongezea mama mmoja siku tatu za kuinama ina dosari, na wanaoisambaza wangefanya vyema kuanza na mashine.

Dosari nyingine iko kwenye mbolea. Udongo unaolowa na kukauka kwa kupokezana hutoa kiasi fulani cha gesi nyingine, oksidi ya nitrojeni, hasa mtu akimwaga mbolea ya chumvichumvi kupita kiasi. Faida ya methani bado huwa kubwa kuliko hasara hiyo, ila mbolea nusu mfuko inayomwagwa kwa mazoea haimsaidii yeyote isipokuwa aliyeiuza.

Baada ya mavuno kuna suala la mabua. Zamani moshi ulikuwa sehemu ya msimu: mabua yalichomwa shambani, na wiki hizo vikohozi vya watoto viliongezeka. Wengine huyazika kwenye tope na kufungulia maji papo hapo, na hapo vijidudu hufanyiwa karamu, methani hupanda. Siku hizi mabua mengi hufungwa marobota na kupakiwa kwenye malori kwenda kulisha ng'ombe wa maziwa wa kaunti za milimani. Lori la mabua likipita Makutano, limeinama upande mmoja kama mlevi, linabeba karo ya mtu.

Ni haki kuuliza kwa nini Mwea isumbuliwe. Kenya hula mchele mwingi kuliko inaolima, na magunia mengi yanayouzwa madukani yametoka Pakistan, India, Thailand, Vietnam na Tanzania. Ukiilinganisha na nyanda za mpunga za Asia, Mwea ni kijiko kimoja kwenye sufuria ya harusi. Familia yenye ekari nne haijaichafua dunia kiasi cha kuombwa iiokoe. Sababu za kukausha hapa ni za hapahapa: maji yanayobaki hufika kwa jirani wa mkiani, mbegu inayopandwa ni kidogo, mbu wanaokomaa ni wachache. Gesi inayopungua ni zawadi ambayo Mwea inaipa dunia bila kutumiwa ankara, na dunia ingeweza angalau kulipia mashine za palizi.

Jikoni nako kuna shamba. Kiswahili kinaujua mchele kwa hatua zake: ukiwa shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukiiva ni wali. Kila hatua ina kinachobaki njiani, na hatua ya mwisho iko mikononi mwa mzazi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kuwa tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022 katika maduka, mikahawa na nyumba, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Wali ukitupwa kwenye jaa, ukafunikwa na taka nyingine pasipo hewa, hurudia kazi ile ile ya jaruba: hutoa methani kwa mara ya pili.

Nyanya za Mwea hazijasoma ripoti hiyo, lakini ukoko kwao haujawahi kuwa taka. Hubanduliwa, hugawiwa watoto kwa zamu, na atakayekosa atanuna. Kiporo cha wali ni kitamu asubuhi, ila wali uliolala mezani si wa kuaminika, kwa kuwa kuna bakteria wanaozaliana ndani yake na sumu yao haiondoki hata ukipasha moto. Wali unaotaka kuubakiza utandazwe upoe haraka, ufunikwe, uingie mahali baridi ndani ya saa mbili, na uliwe kesho yake. Usipokuwa na friji, pika kibaba cha kutosha leo tu.

Kule Tebere, robo ekari ya mama Shiku ilikaa bila maji siku ya tano na ya sita. Zamu yao ilikuwa imeandikwa saa kumi jioni. Saa kumi na nusu mfereji ulikuwa bado na unyevu tu, na kikundi cha majirani kilikuwa kimeanza kuelekea langoni kuuliza. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amefunga leso kichwani, macho yake upande wa mlima. Mjukuu wake wa mwisho alishuka jarubani na kijiti, akachoma hapa, akachoma pale.

"Shosho, leo halicheui."

"Ndiyo," mzee alisema. "Mama yako amelinyamazisha."

Kisha akanyamaza naye, kwa sababu alikuwa amesikia kitu mferejini, na hakutaka kusema ni maji kabla hajayaona.